Boti Aliyoikodi Mama Apolline

Mama Apolline alipokwenda kwa Nourdine kumwambia anataka kukodi boti, Nourdine alimpa pole kwanza. Aliinuka kitini, akavua kofia yake, akauliza msiba ni wa upande gani. Hakuna wa kumlaumu. Kwenye bandari ya Kasongo mtu hukodi boti nzima kwa mambo mawili: ana mchele mwingi wa kuteremsha, ama ana maiti wa kurudisha kwao. Na kila aliyemjua Apolline alijua kwamba mchele hana.

"Hakuna mutu amekufa, Papa Nourdine," alisema. "Ninataka boti tu."

"Ya kubeba nini?"

"Ya kubeba watoto wangu."

Nourdine alikaa tena, kofia bado mkononi. Alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, amesikia maombi ya kila namna, lakini la namna hiyo lilikuwa halijamfikia. Akauliza watoto wanahamia wapi. Apolline akajibu kwamba hawahami. Wanakwenda ziwani siku chache, watakaa, watakula, watazungumza, kisha watarudi. Na huko ziwani watauza nini? Hawatauza kitu. Watanunua nini, basi? Hawatanunua kitu. Nourdine akamtazama usoni kwa makini, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa akitafuta dalili.

Boti aliyoitaka Apolline aliijua sana, maana alikuwa mpishi wake. Iliitwa Mungu Iko. Ilikuwa boti ndefu ya mbao, yenye tumbo pana la kupakia magunia, na huku nyuma ina nyumba ndogo ya mbao iliyoezekwa bati, mahali anapolala nahodha na mwenye mali. Apolline hakuwahi kulala ndani ya nyumba ile. Yeye alilala kando ya mbabula, jiko lake la makaa, katikati ya magunia, ili aamke kabla ya wote awashe moto. Kazi hiyo aliishika watoto walipoanza shule, kwa kuwa cherehani ya mumewe Christophe, aliyekuwa fundi nguo sokoni Kasongo, haikutosha peke yake. Aliwapikia wafanyakazi wa boti na abiria bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, mvua ikinyesha, jua likiwaka, boti ikiyumba. Yeye alikula mwisho, akiwa wima, kile kilichobaki chini ya sufuria. Miaka yote hiyo ya kupanda na kushuka mto Lualaba hakuwahi kukaa akatazama maji. Maji kwake yalikuwa kitu cha kuteka kwa ndoo.

Mahali pamoja tu ndipo alipoinua kichwa. Chini ya Kasongo, mto ukijaa, matete ya ukingoni huachana na kufanya mlango mwembamba, na nyuma ya mlango ule kuna ziwa. Boti ikipita, mtu aliona mng'ao mpana mara moja, kisha matete yakafunga. Siku moja alimuuliza Sumaili, nahodha wa Mungu Iko, kuna nini mle. Sumaili akamwambia kuna maji, kuna ndege, kuna wavuvi wachache, biashara hakuna. Boti ya mzigo ikiingia mle inapoteza siku bure. Apolline akarudi kwenye sufuria yake, lakini neno hilo, kupoteza siku bure, lilimkaa moyoni kwa namna ambayo Sumaili hakuikusudia.

Basi mambo yangebaki hapo kama Christophe asingekufa.

Alikufa katikati ya mvua, kwa homa ya siku chache. Jeannette, binti yake wa kwanza, aliyeolewa Kabambare na Ismaël, alikuwa amekwisha kuja Kasongo kumuuguza baba. Mdogo wake Déo alikuwa Salamabila, ambako alifanya kazi ya kubeba watu na mizigo kwa pikipiki. Habari ilimfikia, akaondoka saa ileile, lakini barabara ilikuwa imekatika. Alipoingia uani watu walikuwa wanatoka makaburini, chakula cha kilio kinagawanywa. Jeannette hakuwa na usingizi, hakuwa na machozi tena, alikuwa na hasira tu, na Déo ndiye aliyekuwa karibu. Akamwambia mbele ya ukoo wote, mbele ya majirani na padri: "Baba hukumuwahi, lakini chakula umekiwahi."

Déo aligeuza pikipiki bila kunywa hata maji.

Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawakusemezana. Walionana kwenye vilio vingine, cha mjomba, cha shangazi, cha jirani aliyewalea, kila mmoja upande wake wa uwanja, na kila mmoja akaondoka kwa wakati wake. Mama yao aliwaona kwa mbali kwa mbali, katikati ya watu wanaolia. Hakujua jinsi ya kuanza. Aliyemfungua macho ni Laura, binti mkubwa wa Jeannette. Siku moja Apolline alipiga simu Kabambare, mtoto akapokea, naye akamwambia: mwambie mama yako, likizo ya Pasaka nataka muje wote Kasongo.  Laura akamuuliza bibi yake polepole, "Koko, nani amekufa?"

Apolline alikata simu akakaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Alikumbuka nyuma, mwaka kwa mwaka, akitafuta siku moja ambayo familia yake ilikutana bila jeneza katikati yao. Hakuipata. Siku ya pili yake zamu ya likelemba ilimwangukia, ule mchezo wa kuchangiana wanaoufanya akina mama wa soko, na mabati mapya aliyokuwa amepanga kununua akayaacha dukani. Akaenda kwa Nourdine.

Nourdine alimpa sababu zote za kukataa. Boti tupu inakaa juu ya maji, upepo unaigeuza unavyotaka. Watu wa bandari watacheka. Wafanyakazi watazoea uvivu. Apolline alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha kwamba barabara ya Kabambare imeliwa na mvua, mchele hautafika mpaka jua litoke, na Mungu Iko imefungwa kamba bandarini inakunywa maji tu.

"Boti yako iko nalala, Papa," alisema. "Acha mimi niiamushe."

Akaweka bahasha mezani. Nourdine hakuifungua. Alifikiri kidogo, akakuna kidevu, akauliza swali ambalo Apolline hakuwa amejiandaa nalo. "Ukikodi boti, wewe ni muteja. Sasa nani atapika?"

 Ndipo Apolline alipotambua kwamba katika kulipanga jambo lote lile, kila alipoiwaza familia yake juu ya maji, alijiona yeye mwenyewe ameinama kwenye mbabula. "Atapika mutu mwingine," alisema mwishowe, na kwa sauti yake ilisikika wazi kwamba hakujua ni nani.

Aliyejitolea ni mkwe wake Ismaël. Kabla ya kuoa na kufungua duka lake la sabuni na chumvi, alikuwa ameishi ujana wake kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, ambako wanaume hujipikia wenyewe. Alimtumia mama mkwe ujumbe kwa heshima kupitia kwa Jeannette, kwamba akiruhusiwa, sufuria ni juu yake. Kwa Déo, Apolline alipiga simu mwenyewe. Alipomaliza kumweleza, Déo aliuliza jambo moja tu kuhusu dada yake: Yaya Jeannette atakuwepo? Mama angeweza kumzunguka kwa maneno, lakini hakutaka kuianza safari kwa uongo. Akamwambia ndiyo, atakuwepo. "Boti ni ndefu," akaongeza. "Kama unataka, wewe utakaa mbele, yeye nyuma. Lakini mutakuwa ndani ya boti moja."  Déo akasema atakuja.

Mji ukapata la kuzungumza. Wengine walisema Déo ameokota dhahabu. Wengine wakasema Apolline anakwenda kuwatoa watoto wake kwa mizimu ya maji, maana mtu mwenye akili timamu hawezi kulipia boti ili akae tu. Dada yake mkubwa, Marcelline, mkulima wa karanga aliyeogopa mto tangu utoto, alimwambia ana kichwa kibovu, halafu siku ya safari akatangulia kufika bandarini, amebeba godoro, na kuku mwekundu kwapani. Alipoulizwa kuku ni wa nini, alisema hana wa kumwachia.

Jeannette na Ismaël walifika na watoto wao jioni ya kuamkia safari. Asubuhi boti ilikuwa tayari. Apolline alikuwa ameisugua yeye mwenyewe mbao kwa mbao, ametandika mikeka ndani ya nyumba ile ndogo, amefunga turubai mbele ili pawe na kivuli, ameweka kiti cha plastiki. Kila kitu kilikuwepo ila Déo. Simu yake haikupatikana. Jua likapanda. Sumaili akaja mara ya kwanza kusema kwamba mlango wa ziwa unataka kuingiwa mchana, siyo gizani. Akaja mara ya pili. Wachukuzi wa bandari walikuwa wamekaa juu ya mawe wakitazama boti isiyo na mzigo, isiyokwenda, na hawakuficha vicheko vyao.

Mwishowe Jeannette akamsogelea mama yake. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka kuona mama anatazama barabara. "Mama, tuende tu. Déo ni Déo. Unamujua."

Apolline aliinuka. Katika maisha yake hakuna chombo kilichowahi kumngoja. Aliyechelewa aliachwa ukingoni, na yeye mwenyewe aliwahi kuachwa, masufuria kichwani, akiitazama boti inaondoka.

"Siku ya baba yenu hatukuweza kungoja," alisema. "Maiti haingoji. Lakini boti hii mimi niliikodi, na itangoja."

 Sumaili akaenda kuzima injini. Siku ile boti haikutoka, ilibaki bandarini imefungwa kamba kwenye gogo, na familia nzima ikalala humo, huku watu wa Kasongo wakisimuliana kwamba Mama Apolline amelipa ili alale palepale anapofanyia kazi.

Kesho yake jua lilikuwa limekwisha kukausha umande pale pikipiki iliposikika juu ya mteremko. Ilikuja polepole, ikikohoa. Aliyeiendesha alikuwa rangi moja na barabara: tope nywelani, tope machoni, taa ya mbele imevunjika, kiatu kimoja hakipo. Alipofika chini alizima pikipiki, akasimama akiitazama boti kama asiyeamini.

"Nilijua mumeenda," Déo alisema. "Nilikuja tu nione mahali boti ilikuwa."

Alieleza kwa maneno machache. Daraja la miti upande wa Lusangi lilikuwa limechukuliwa na maji. Yeye na vijana wengine walikata miti, wakapitisha chini ya pikipiki, wakazibeba begani moja baada ya nyingine hadi ng'ambo, maji kifuani. Kisha kilima kikamshinda, akalala porini, akaamka akasukuma. Hakusimulia kwa kujitetea. Alikuwa ameketi juu ya jiwe.

Jeannette alikuwa amesikia kila neno. Yeye alivuka pale juzi, daraja lingali lipo, akiwa amekaa nyuma ya mumewe. Alishuka kwenye boti, akachukua ndoo, akateka maji ya mto, akaenda akasimama mbele ya ndugu yake. Akamwinamisha kichwa akaanza kummwagia. Tope likashuka mabegani mwa Déo, likaingia mchangani. Ndoo ilipokwisha akateka nyingine.

"Siku ya baba ilikuwa hivi?" aliuliza.

"Ile ilizidi hii."

Jeannette aliendelea kumwaga maji. Wachukuzi walikuwa palepale juu ya mawe yao, wake wa wavuvi wameacha kusafisha samaki, Nourdine mwenyewe alikuwa ameteremka kuja kuona kwa nini boti yake haijatoka. Akina mama wawili watatu miongoni mwao walikuwepo kwenye kile kilio cha baba. Jeannette aliwatazama, akainua sauti ili wasikie.

"Nilimusema vibaya ndugu yangu mbele ya watu. Leo ninamuomba musamaha mbele ya watu."

Déo alijifuta uso kwa viganja.  "Maji iko baridi, Yaya," alisema, na neno hilo yaya, la kumwita dada mkubwa, ambalo alikuwa hajamwita nalo tangu siku ya mazishi, likamfanya Jeannette aiweke ndoo chini na kukaa kando yake pale pale kwenye tope. Mama yao aligeuka akashughulika na kamba ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

Wakapandisha na pikipiki. Sumaili akawasha injini, Mungu Iko ikajitenga na ukingo, nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa, na wachukuzi waliokuwa wakicheka tangu jana wakapunga mikono.

Walipofika kwenye mlango wa ziwa walikuta umezibwa. Majani ya maji yalikuwa yametelemka na mafuriko yakajikusanya kati ya matete, yamefungamana, mtu angeweza karibu kuyakanyaga. Sumaili alisema ni kurudi. Lakini Déo alikuwa ametoka kupita pabaya zaidi kwa pikipiki, na hakuwa tayari kusikia habari ya kurudi. Aliomba panga akaingia majini. Ismaël akavua shati akamfuata na kamba. Sumaili na msaidizi wake wakashika miti ya kusukumia boti. Jeannette akakunja kitenge hadi magotini, akasimama puani mwa boti akivuta majani yaliyokatwa na kuyatupa nyuma, na hata Marcelline, ambaye hakuwa ametazama maji tangu waondoke, alimweka kuku wake chini ya kiti akaja kuvuta. Ismaël alianza wimbo wa kazi wa Kibangubangu, lugha ya kwao, wa watu wanaoburuta mtumbwi kutoka msituni. Jamaa za mkewe, ambao ni Wazimba, hawakujua maneno, ila mahali pa kuitikia walipajua. Boti ikasogea hatua, ikakwama, ikasogea. Déo akaita kutoka majini, "Yaya, vuta huku!" naye Jeannette akavuta. Waliitana hivyo mchana kutwa, huyu akimwambia yule vuta, yule akimwambia huyu ngoja, na walipokuja kukumbuka kwamba walikuwa wametengana kwa muda mrefu hivyo, kazi ilikuwa imekwisha kulizika jambo hilo.

Halafu majani yakaachia kwa mara moja. Boti ikateleza, matete yakabaki nyuma pande zote mbili, na mbele yao hakukuwa na kitu ila maji. Yalikuwa mapana, yametulia, yamebeba mawingu yote ya jioni. Ndege weupe waliruka kutoka juu ya yungiyungi wakazunguka, wakatua tena. Sumaili alizima injini bila kuambiwa. Apolline alikuwa amesimama mlangoni mwa ile nyumba ya mbao. Alitembea hadi kwenye kiti cha plastiki, akakaa, akatazama maji. Aliyatazama mpaka Laura akaja akamkalia mapajani, na hata hapo hakuondoa macho.

Ismaël alipika mchele kwa mawese, na samaki wabichi walionunuliwa kwa mvuvi aliyepita karibu. Mateso ya Apolline yakaanza. Alisikia mafuta yanavyolia sufuriani, akajua moto umezidi, akainuka. Jeannette akasema, "Mama, kaa." Alikaa. Alisikia kifuniko, akainuka tena. Mwisho Marcelline alimshika kitenge chake akakikalia pindo, na mpishi wa Mungu Iko akabaki amefungwa kitini mpaka sahani ilipoletwa mikononi mwake, ya kwanza kabla ya wote, ikitoa moshi. Aliungua ulimi. Hakuwa amezoea. Miaka yote ile hakuwahi kula chakula cha moto ndani ya boti. Aliposema mchele umeiva vizuri, Ismaël aliinamisha kichwa, akachukua sahani yake akaenda nayo hadi puani kabisa, akawapa mgongo.

Maana Ismaël alilelewa kwa adabu ya zamani: mume wa binti hali chakula mbele ya mama mkwe. Kijijini ni jambo rahisi, kuna nyumba nyingine, kuna uchochoro. Ndani ya boti kuna pua tu. Kesho yake mvua ikaja, mvua ya Maniema inayoziba dunia. Wote wakajibanza ndani ya nyumba ndogo chini ya bati, magoti yakigusana, na sahani zikipita mkono kwa mkono. Ismaël alikuwa nje, amejifunika turubai, wali wake ukielea.

Apolline alimwita. Ismaël akashukuru, akasema hapa panatosha. Akamwita tena. Ismaël akasema kwa upole kwamba hajatoa kuku, na Apolline akaelewa. Kwa kawaida yao, mkwe akitaka mwiko uondolewe humpa mama mkwe kuku, ndipo wakala pamoja, na katika kilio kimoja hadi kingine hakukuwa kumepatikana siku ya furaha ya kulifanya jambo hilo. Marcelline alisikiliza mazungumzo hayo yakipita juu ya kichwa chake huku na huku, akachoka. Akapenyeza mkono chini ya kiti, akamtoa kuku wake mwekundu, akamtumbukiza mikononi mwa Ismaël pale mlangoni.

"Mupe," alisema. "Mutoto wa watu atakufa na baridi juu ya kuku?"

Ismaël, maji yakimtiririka puani, akamtoa kuku kwa mikono miwili. Apolline akampokea kwa mikono miwili. Hapo kicheko kilichowashika wote kiliitikisa boti hadi Sumaili akaja kuchungulia kuna nini. Ismaël akaingia, akakaa kati ya mkewe na shemeji yake, akala wali wa mvua mbele ya mama mkwe wake. Siku hiyo ndipo walipomzungumza Christophe kwa mara ya kwanza bila kulia. Déo aliigiza jinsi baba alivyokuwa akipima wateja wanene bila kuwaaibisha. Jeannette akasahihisha, hapana, alishika mdomo hivi. Wakabishana kwa raha mpaka mvua ikaisha.

Wavuvi wa ng'ambo nao walikuwa wakiwatazama. Boti kubwa imeingia ziwani, haina mzigo, ina ukoo mzima pamoja na mabibi, na imezima injini. Walijua maana yake. Siku iliyofuata mitumbwi ikaonekana inakuja kwa utulivu, imepangana, wanawake wamejifunga vitambaa kiunoni kama waendao msibani, na katika mtumbwi wa mbele kuna kapu la samaki waliokaushwa na ngoma moja. Mama mtu mzima aliyewaongoza alishika ubavu wa boti. Akawapa pole zote za nchi ile, kwa Kizimba, kwa taratibu, halafu akauliza marehemu ni nani, na wanampeleka wapi.

Watoto walimtazama Apolline. Alisogea ukingoni, akainama ili mama yule amsikie vizuri.

"Asante sana, dada yangu," alisema. "Hakuna aliyekufa. Tumekuja tukiwa wazima. Huyu ni mukubwa wangu, hawa watoto wangu wawili, huyu mukwe wangu, hawa wajukuu. Tumekuja kukaa pamoja."

Mama yule aliwakagua mmoja mmoja kana kwamba anahakikisha. Akageuka akawaambia wenzake. Kukawa na minong'ono, mtumbwi hadi mtumbwi. Kisha mmoja akapiga kigelegele, kikapokewa na mwingine, na ziwa zima likarudisha sauti. Vile vitambaa vya msiba vikafunguliwa viunoni vikapeperushwa. Ngoma iliyoletwa kwa kilio ikapandishwa juu ya Mungu Iko, ikapigwa mapigo mengine kabisa. Samaki wakaingia sufuriani. Wanawake wa ziwa walicheza kwenye mbao ambazo miaka yote zilibeba magunia, Marcelline akacheza akiwa ameshika nguzo ya turubai asidondoke, Déo akacheza na dada yake, na Sumaili, ambaye alisema mahali hapa ni pa kupoteza siku bure, akavua viatu. Apolline alicheza katikati yao, mikono juu, akiwa mwenyeji wa wote, mwenye boti. Kwa siku zilizobaki mitumbwi haikukoma. Huyu alileta ndizi, yule alileta mtoto wake aone watu waliokuja bila kufiwa.

Waliporudi Kasongo, habari ilikuwa imetangulia kwa midomo ya wavuvi. Bandari ilijaa. Nourdine aliikagua boti yake nje na ndani, hakuona ubovu, akamwambia Apolline kwamba kwaya ya parokia imekuja kuuliza kama nao wanaweza kupelekwa, na kuna Mwislamu mmoja wa Kabambare anayetaka kumwoza binti yake kule juu ya maji. Apolline akamshauri atengeneze kwanza bati, linavuja upande wa kushoto.

Jua lilipokausha barabara familia iliagana. Ismaël alitangulia na watoto wadogo kwenye pikipiki ya kukodi. Jeannette alikataa kupanda nyingine, akapanda ya Déo, Laura katikati yao, mzigo wa samaki umefungwa nyuma. Apolline alibaki na Marcelline mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea mjini.

Alikuwa sokoni akichagua chumvi simu ilipolia. Walikuwa Lusangi, kwenye daraja jipya. Déo alikuwa amesimamisha pikipiki ili amwonyeshe dada yake mahali alipovukia, na Jeannette alikuwa anasema kwamba ni pabaya kuliko alivyofikiri, kwamba Déo atalala kwao Kabambare siku chache kabla ya kupanda Salamabila, kwamba wote ni wazima. Nyuma yake Laura alikuwa anauliza kitu kuhusu maji, na Déo alikuwa anacheka. Apolline aliwaambia wasafiri salama. Akalipia chumvi yake, akaenda nyumbani, akafungua madirisha, akajilaza mchana kweupe juu ya kitanda chake bila kuvua kitenge, akalala usingizi mzito.